Jina la Babu Aliko

Bujonde, Kyela
14 Juni 2002

Kaka yangu mpendwa Asajile,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Dar, na wifi Winnie anaendeleaje na ujauzito? Sisi ni wazima. Tumemaliza kuvuna mpunga. Bibi Yunis magoti yanamsumbua, ila ulimi wake haujaugua hata siku moja.

Uliniagiza niuandike ukoo wetu kwenye kompyuta dukani kwa Salim, pale mjini. Nimefanya. Programu yake ina vijumba vya majina, na koo za wateja wake wote amezihifadhi humo humo. Nilijaza sisi, marehemu baba, Bibi, kisha babu Aliko, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyepelekwa vitani Bama, huko Asia, baba akiwa bado tumboni. Namba yake ya jeshi niliitoa kwenye ile barua moja tu aliyomwandikia Bibi.

Unamjua Bibi. Alikataa kurithiwa na mdogo wake babu, akisema mke wa mtu aliye hai harithiwi. Kila mavuno huweka fungu la mumewe kwenye chungu kilichofinyangwa na Wakisi. Na jina lake amelizuia miaka yote, maana mwenye jina yu hai, yuko njiani. Hata wewe, mjukuu wa kwanza, ulinyimwa.

Niliporudi kutoka kwa Salim nilimkuta amekaa mlangoni. Akaniuliza kama nimemwona mumewe. Nikamjibu kwamba kompyuta imeonyesha alifia Bama mwaka 1944. Akasema ndaga, asante, kwamba basi mumewe hakumwacha.

Tuliweka matanga siku tatu. Watu walikuja hata kutoka Ngonga. Bibi akanyolewa nywele, kisha akaamuru ule mchele wa kwenye chungu upikwe, akala pamoja nasi. Sijawahi kumwona ametulia vile.

Kaka, nilimdanganya. Nilipoingiza ile namba, kompyuta ilisema mtu huyo tayari yumo. Kumbe mfanyabiashara mmoja wa Karonga, Malawi, aitwaye Ezra, naye mteja wa Salim, alikwisha kumwandika: Aliko, mzaliwa wa Bujonde, askari wa Keya, namba ile ile. Aliachishwa jeshi mwaka 1946, akaoa Karonga, akafa huko mwaka 1971. Ezra ni mwanawe, baba yetu mdogo. Miaka ishirini na mitano babu aliishi ng'ambo ya mto Songwe, mwendo usiofika hata siku nzima, na hakuvuka. Nilimtazama Bibi usoni, mdomo ukakataa. Nina hasira na marehemu, na nina aibu.

Sasa Salim amemweleza Ezra habari zetu. Jumamosi ya tarehe 29 atavukia mpakani Kasumulu aje kupasalimu kwa baba yake. Sina haki ya kumzuia. Nimeamua kumwambia Bibi mimi mwenyewe kabla Ezra hajafika, lakini naogopa, kaka. Tafadhali panda basi uje unishike mkono.

Bibi aliniagiza nikuandikie kwamba wifi akijifungua mtoto wa kiume, sasa ruhusa ipo, aitwe Aliko. Amelitunza jina hilo miaka sitini, na anafurahi kukupa wewe. Nimefikisha ujumbe wake. Ila Ezra anakuja na mjukuu wake wa miaka minne, na jina lake ndilo hilo hilo, Aliko.

Msalimie sana wifi, na Mungu akulinde safarini.

Mdogo wako,
Felista