Nusu ya Firigisi

Baba yangu, shikamoo huko uliko.

Ni mimi, Somoe. Nimekaa nyuma ya hoteli yetu hapa Nachingwea, mikono ina unga mpaka viwikoni, na karatasi hii imekwisha pata madoa ya mafuta. Kesho tunafungua, Baba. Hoteli yenyewe ni meza chache na mabenchi, na mabati tumeyapata kwenye mabaki ya kambi ya wazungu waliokuja kulima karanga, lakini ni yetu. Mama amefika jana kutoka Likunja na tangu hapo anamfokea kila mtu.

Ni kuku tunayempika ndiye amenifanya nikuandikie. Ni mapishi yale yale ya siku ya posa.

Ulikuwa humtaki Hamisi, tusifichane. Leo ni mume wangu na watu wanadhani ulimchagua wewe! Vijana wenzake kambini walikuwa wakiendesha matrekta na kung'oa visiki, yeye alikuwa jikoni kwa fundi wa matrekta, Mmarekani. Ulisema mwanamume wa kushinda jikoni lazima ana mkono mrefu. "Wapishi wa wazungu wote wadokozi. Nyama ikifika mezani imekwisha pungua." Uliimba wimbo huo kila jioni, mpaka Mama akakuomba utafute mwingine.

Mwishowe ukatoa sharti: siku ya posa aje nyumbani, apike mbele ya macho yako, kile kile anachompikia bwana wake. Ulidhani atakimbia. Akaja na baiskeli toka Nachingwea, nyuma kafunga chupa za mafuta ya karanga, unga wa ngano, pilipili manga na maziwa ya kopo. Jogoo ulimchinja kwa mkono wako. Ukamuuliza kikaango kiko wapi. Akajibu kwa adabu kwamba kikaango cha bwana wake hupikiwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo hakukileta, ataomba sufuria ya Mama. Mimi nakujua, jibu hilo lilikuingia.

Ukaweka kigoda chako karibu na mafiga ukamkodolea macho. Aliyakatia maziwa ndimu yakaganda, akavilaza humo vipande vya jogoo na chumvi tangu asubuhi. Muhogo akauponda ukalainika, maana viazi ulaya vya bwana wake huku kwetu utavitoa wapi. Mkate wa unga wa mahindi aliupalia makaa juu na chini. Akapika kunde, kisamvu, na bamia akazikaanga zikawa kavu, jambo ambalo Mama alilikataa mpaka alipoonja. Palikuwa pia na mchuzi mweupe wa maziwa na unga. Huo Mama aliuonja akasema ni uji uliopotea njia.

Mama ndiye aliyemuuliza kama kweli wazungu wa Marekani wanakula kunde. Hamisi akasema bwana wake alipoziona sokoni Nachingwea alisimama akazichota kwa viganja. Ni chakula cha kwao, kusini mwa Marekani, na waliompikia utotoni walikuwa watu weusi. Hapo ukainua kichwa.

"Weusi kama sisi?"

"Kama sisi, mzee."

Ukasogeza kigoda. Hamisi akavigaragaza vipande kwenye unga, akavitia katika mafuta, na harufu ikaita majirani kabla hujawaita.

Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, bila mtu kuliona, hata wewe na macho yako yote. Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa yako. Hata ukisafiri Mama alikuwekea, na hakuna mtoto aliyethubutu kuiangalia mara mbili. Hamisi alilijua hilo, nani asiyelijua? Lakini mkono ulishazoea jikoni kwa mzungu, akaitia unga pamoja na vingine. Vilipotoka kwenye mafuta vyote vilikuwa na rangi moja na gamba moja. Akagawa sinia la wanaume la barazani na letu la uani, akaja kukaa mbele yako.

Tukala. Baadaye nikasikia sauti yako kutoka barazani, ya chini, ile tuliyokuwa tukiiogopa.

"Firigisi iko wapi?"

Hamisi akasema imo, mzee. Ukavunja kipande kimoja kimoja mbele ya Baba Mkubwa na wageni. Hapana. Baba Mkubwa akakohoa.

"Si nilisema?" ukasema. "Mdokozi."

Baba, mimi wakati huo nilikuwa natafuna kitu kigumu, kitamu, nikishangaa ni paja gani hili lisilo na mfupa. Nilikitoa mdomoni nikakitazama. Nusu ilikuwa imekwenda. Nikinyamaza, Hamisi anapanda baiskeli yake akiwa mwizi na harudi tena. Nikisema, mimi ndiye binti aliyekula firigisi ya baba yake siku ya posa, mbele ya wageni. Mama alinishika khanga, nikajing'oa.

Nilipiga magoti barazani, mikono imejaa mafuta. "Baba, ninayo mimi. Nimeila nusu. Hamisi hakudokoa."

Uliitazama ile nusu, ukanitazama mimi, ukamtazama Hamisi aliyekuwa akitokwa jasho. Kisha ukaichukua ukaitia mdomoni. Ulitafuna taratibu, mpaka nikaona hutamaliza.

"Chakula chako hakimjui mwenye nyumba," ukamwambia Hamisi. Halafu ukaongeza: "Huyu amejianika mbele za watu kwa ajili yako. Mimi nitamzuia na nini?"

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza kucheka.

Kambi ilipofungwa na yule Mmarekani kwenda zake, watu walisema tutakufa njaa. Wewe ulikuja na gunia la karanga zako, zilizolimwa kwa jembe la mkono, ukamwambia Hamisi anayejua kupika hakosi wa kumlisha. Wazo la hoteli ni lako. Ndiyo maana inaniuma kwamba hukuifikia kesho. Masika yaliyopita, ulipolala huinuki, nilikuletea firigisi nimeichemsha ikawa laini. Uliirudisha mkononi mwangu ukasema, "Kula wewe. Nusu yangu nilikwisha kula." Niliila nikilia, na wewe ukanicheka.

Leo silii. Nina hofu kidogo, na furaha inayoishinda hofu. Hamisi ameniuliza kama firigisi ya kuku wa kwanza tuiweke kando, kwa heshima yako. Nimemwambia hapana, aigaragaze kwenye unga pamoja na vingine. Itamwangukia itakayemwangukia, dereva wa lori, mama aliyetoka Ruponda kuuza ufuta, au mtoto. Akishangaa ni kitu gani hiki, nitatoka jikoni na mikono yangu hii nimwambie ni ya baba yangu, ale asiogope.

Nakuaga, Baba. Mama ananiita, mafuta yamepata moto.

Ni mimi binti yako, mwenye nusu nyingine,
Somoe