Tukaone Kama Ziwa Bado Lipo

Nyalenda, Kisumu
18 Novemba

Kwa kaka yangu Oketch,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu Elsie na watoto wetu Terry na Cliff. Natumaini joto la Mombasa linawatendea wema na kwamba kifua cha Cliff kimetulia. Sisi huku tu wazima. Mume wangu Masinde anakusalimu. Goti lake bado linamsumbua, ingawa akiulizwa husema limepona, kwa hiyo usimuulize. Mvua imenyesha wiki nzima na njia yetu hapa Nyalenda ni tope tupu, lakini paa halivuji, tunamshukuru Mungu.

Utashangaa kukuta barua ndani ya mfuko wa omena, dagaa wetu wa ziwani. Ningekupigia simu, ila wewe kwenye simu una haraka ya mtu aliyeacha maziwa motoni, na mambo niliyo nayo hayataki haraka. Nimeandika kwa Kiswahili badala ya Kijaluo ili wifi na watoto nao wasome. Terry akiona ngeli zangu zimepinda anisamehe, mimi sikukulia pwani kama yeye.

Uliniomba mambo mawili. La kwanza nikuwekee hoteli, kuanzia Ijumaa mpaka Jumanne asubuhi. La pili nikuandikie mahali pa kuwapeleka watoto, kwa sababu hawajawahi kuiona Kisumu. Halafu ukateremsha sauti ukaniomba la tatu, kwamba Mama asijue. Ulisema mtakuja kama watalii wengine, mtatembea, mtapiga picha, mtarudi, na nyumbani kwetu Asembo mtakwenda mwaka mwingine. Nilikubali upesi mno. Nilikuwa na furaha ya kusikia unakuja, na saa hiyo ungeniomba hata sufuria zangu ningekupa.

Nilipokaa kuandika nikagundua kwamba mji wa wageni siujui. Miaka yote hii mimi najua soko la Kibuye, ninapouzia mitumba ya watoto, najua kanisa, najua mfereji wa maji. Basi wiki iliyopita nilifunga kibanda nikaenda kuukagua mji kwa niaba yenu. Sikwenda peke yangu, lakini hilo nitalifikia.

Ijumaa mkishapumzika, wapeleke watoto kwenye mbuga ya swala pale kando ya ziwa. Swala bado wapo, wanatembea taratibu kati ya miti kama wenye shamba. Chui yupo kwenye kizimba chake, na amelala vilevile, sijui kama ni yule wa zamani au mwingine aliyerithi usingizi. Na tumbili, ndugu yangu. Unakumbuka yule aliyekunyang'anya mkate wa siagi, ukalia mpaka Baba akakukatia nusu ya wake? Wajukuu wake wapo na tabia ni ileile. Mmoja alimfuata mama mmoja mwenye mfuko wa ndizi mpaka getini. Mwambie Cliff ale ndani ya gari.

Nilipokuwa nimesimama pale nilimkumbuka Baba vibaya sana. Wiki nzima alipakia magunia bandarini, mgongo ukimuuma, na siku yake moja ya kupumzika alitupeleka kulekule ziwani. Tulikuwa tukitoka kanisani anavaa lile koti lake la kahawia, anasema twende tukaone kama ziwa bado lipo. Mama alikuwa amembeba mdogo wetu Frankline mgongoni, mimi nimeshika gauni lake, na wewe unatangulia mbio mpaka hatukuoni. Kisha unarudi unahema, unatangaza kwamba lipo. Baba alikuwa akikushukuru kama vile alikuwa na wasiwasi kweli. Nilifika nyumbani siku hiyo nikapika ugali nikilia, Masinde akadhani ni moshi.

Jumamosi asubuhi nendeni Dunga. Siku hizi kuna daraja la mbao linaloingia ndani ya mafunjo, unatembea juu ya maji bila kulowa, ndege wa kila rangi wanakuangalia. Kuna boti za kuzungusha wageni. Magugu maji yalikuwa yamefunika upande mmoja wote, ukitazama haraka unadhani ni uwanja wa mpira, lakini mwenye boti alinihakikishia kwamba upepo ukigeuka yanaondoka. Nilimuuliza kama viboko wataonekana. Akaniambia, "Kiboko iko, Mama, lakini hiyo haijui saa ya wageni." Nilimpenda kwa kusema ukweli. Nikamuuliza kama ana jaketi za kuelea za watoto, akanitolea mbili, nikazipima kwa mkono, moja ya mtoto wa kufika kifuani kwangu, nyingine ya mtoto wa kufika kiunoni. Nadhani zitawatosha.

Chakula cha mchana utakula samaki, na hapo usikasirike. Vile vibanda vya kando ya maji tulivyovijua sisi havipo tena, vilibomolewa bandari ilipokarabatiwa. Hutawaona tena wale vijana waliokuwa wakiosha magari ziwani huku wateja wakila. Waliokuwa wakikaanga wametawanyika. Nimewapata wawili watatu, na ngege wao bado analetwa mzima, mkavu nje, laini ndani, pamoja na ugali na mboga ya kienyeji iliyolazwa kwenye maziwa. Mkono utajua wenyewe la kufanya. Wifi asiombe uma.

Jioni Hippo Point, kuona jua likizama. Kiboko hapo hamtamwona, Baba alikuwa akisema wao ndio wenye hilo jina na ndiyo maana hawana haja ya kujionyesha. Lakini jua ni lilelile. Linashuka polepole, halafu mwishoni linaharakisha kama lililosahau kitu upande wa Uganda.

Kabla ya kwenda huko, piteni kwangu mnywe chai, halafu niwapeleke kwenye kile chumba chetu cha zamani. Bado kipo, siku hizi kijana mmoja anatengenezea simu humo. Dirisha ni lilelile linalotazama ukuta wa jirani. Ulikuwa ukilichukia sana. Nakumbuka usiku mmoja stima imepotea, tumekaa gizani, ulimwambia Baba kwamba ukiwa mkubwa utajenga nyumba yenye dirisha la kutazama ziwa. Baba alicheka, akasema ukijenga usisahau kumwalika.

Jumapili, baada ya ibada ya alfajiri, shikeni barabara ya Bondo mpaka Kit Mikayi. Watoto watafurahi. Yale mawe makubwa yamebebana vilevile, na mwongozaji atawasimulia habari za mke wa kwanza aliyekuwa akimpelekea mume chakula pangoni. Kina mama wa dini wanaimba chini yake. Terry anaweza kupanda mpaka juu, Cliff amshike mama yake mkono.

Ukishuka kwenye mawe yale, Oketch, utakuwa umeshapata nusu ya njia ya kwenda Asembo. Na sasa nimefika pale nilipokuwa nikipazunguka tangu nianze kuandika.

Mtu niliyekuwa naye katika ukaguzi wangu ni Mama. Alikuwa amekuja kupimwa macho, akalala kwangu, na sikuweza kumwacha peke yake nyumbani. Nilimwambia kuna mgeni wa kanisa anakuja na familia yake. Alinifuata kila mahali. Pale Dunga alinitazama nikipima zile jaketi kwa mkono. Aliniuliza watoto wa huyo mgeni ni wakubwa kiasi gani. Nikasema sijui. Akasema mbona mkono wangu unajua.

 Tulipokaa kwenye samaki, akachambua miiba ya upande wake wote, akaisogeza pembeni, halafu akaniuliza kama Cliff siku hizi anaweza kula samaki mwenye miiba au bado anaogopa. Anawajua wajukuu wake kwa simu tu, na hata hilo la miiba alilishika. Nilirudisha tonge sahanini. Nikamwambia kila kitu. Nimevunja ahadi niliyokupa, na nisingependa ulisikie kwa mtu mwingine.

Najua kwa nini hutaki Asembo. Nilikuwepo siku tulipomzika Baba. Nilimsikia baba mdogo Odongo akisema mbele ya watu wote kwamba wageni wa mbali wapewe chakula mapema kwa sababu hawana nyumba hapa, na akasema hivyo akikutazama wewe, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nilikuona ukiweka sahani chini. Kwa mila yetu mwanamume mwenye mke hawezi kulala ndani ya nyumba ya mama yake, hilo unalijua na kila mtu pale alilijua, na wewe hukuwa na nyumba yako. Ukaondoka jua halijazama. Tangu siku ile nyumbani kwetu umekuwa ukipajua kwa sauti ya Mama kwenye simu. Sikulaumu. Mimi ningekuwa wewe ningeirusha ile sahani.

Lakini kuna jambo hukuambiwa, na mwenye kustahili kukuambia hawezi, kwa sababu yeye ni mdogo na wewe ni mkubwa. Frankline hajajenga. Yeye na mkewe Sheryl na mtoto wao wanapanga chumba Bondo. Alishanunua miti ya nyumba yake zamani, akaileta Asembo, ikaegemezwa nyuma ya jiko la Mama. Imekuwa ya kijivu, kuku wanalala juu yake. Hawezi kusimamisha hata nguzo moja kabla ya mkubwa wake, na hatakubali kuruka zamu yako. Watu wamemshauri ajenge tu, nyakati zimebadilika. Anawajibu kwamba Oketch atakuja. Akikupigia simu mnaongea habari za mpira.

Na Mama ana hofu yake. Aliniambia tukirudi kutoka kula samaki, tukitembea, bila kulia. Amewaona wanaume wakiletwa nyumbani ndani ya jeneza, na watu wanakimbizana kuwasimamishia kibanda cha mabati asubuhi ya mazishi ili wasizikwe kama watu wasiokuwa na kwao. Alisema hataki kukujengea nyumba ya namna hiyo. Anataka uiingie kwa miguu yako.

Baba mdogo alipopata habari kwamba unakuja na kwamba Mama amefyeka mahali pa nyumba yako, alikuja kwake siku ya pili. Hakuomba msamaha, unamjua. Alileta misumari. Alisema kwa kuwa ndugu yake hayupo, yeye ndiye atakayesimama mahali pake mkichimba shimo la nguzo ya kwanza, kama utakubali ashike jembe pamoja nawe. Halafu alikaa muda mrefu uani akitazama mahali palipofyekwa, upande wa langoni, na Mama anasema alipoaga sauti yake haikuwa sawa.

Mafundi wako tayari. Nyumba ya chumba kimoja inasimama kwa siku moja, na usiku huohuo mwenyewe na mkewe wanalala ndani. Wifi asiogope, nitakuwepo, nitamwonyesha kila kitu, na kitanda kimeshapatikana. Siku itakayofuata Frankline atahesabiwa kuwa na ruhusa, na kuku watatafuta pengine pa kulala.

Kuhusu hoteli. Uliniambia nikuwekee mpaka Jumanne. Nimekuwekea Ijumaa na Jumamosi tu. Jumapili mtatoka Kit Mikayi mfuate barabara moja kwa moja mpaka Asembo, kabla ya jua kuwa kali, mafundi watakuwa wanawangoja. Ukitaka kunigombeza nigombeze, nimeshazoea, na hoteli bado ina vyumba ukiamua vingine. Ila ukiamua vingine mpigie Mama mwenyewe umwambie. Mimi mdomo wangu hautaweza.

Nisalimie majirani zako wema, hasa yule bibi anayewashikia watoto. Wifi nampenda, na akileta nazi mbili tatu Mama atafurahi kuwaonyesha wenzake wa kanisani. Hizo omena zianikwe tena juani kabla ya kupikwa, zimesafiri na unyevu.

La mwisho, lisinipite. Mabati yamekatwa na mbao zimepimwa, viko chini vinangoja nguzo yako. Juzi nilipokwenda Asembo, fundi alipouliza dirisha likae upande gani, nilitoa simu nikupigie. Mama akaniambia nirudishe simu. Alimshika fundi mkono akamgeuza taratibu, akamsimamisha akitazama ziwa, akamwambia mwenye nyumba alishasema.

Njoo, kaka. Watangulie watoto mbele wakimbie, halafu warudi watuambie kama bado lipo.

Ni mimi dada yako anayekungoja,

Dorca