Waya wa Baba Kwenye Kinubi

Mgodini Geita, Jumapili baada ya misa

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta uvimbe wa mguu umepungua na ng'ombe wanapata maji. Mimi ni mzima, ila kifua kinabana kwa vumbi la mawe. Namwomba katekista anayekusomea asiruke maneno yangu ya hasira. Ayasome yote, hata kama kuna wageni.

Mama, nimempata Ngusa.

Yuko hapa hapa mgodini, ni nyapara wetu, ana kofia na filimbi. Ni Ngusa yule aliyemletea baba waya wa simu akidai kaununua dukani Shinyanga, na baba, kwa kumwamini, akauvuta kuwa bangili. Askari walipokuja, Ngusa alisimama mnadani Kishapu akamnyooshea baba kidole, kwamba mwizi ndiye huyu. Baba akafungwa, akafia huko huko, na sisi hata kumlilia tuliogopa, tukakaa matanga kimya kwa aibu. Siku ya kwanza nilipomwona anapuliza filimbi niliikaza sululu mkononi. Hakunitambua, maana aliniacha mdogo. Nikawa namtazama tu.

Sasa nikueleze habari za bwana wa stoo, kwa kuwa ndiye aliyenipa silaha bila kujua. Anatoka nchi inayoitwa Ayalandi, na ukimwita Mwingereza anakununia siku nzima. Amefuga kucha ndefu, watu wakawa wananong'ona kuwa ni mchawi. Kumbe ana kinubi, kama kile cha Mfalme Daudi kwenye picha ya kanisani, ila nyuzi zake ni waya wa shaba, naye hukipiga kwa kucha hizo hizo. Njiani kuja huku nyingi zilikatika. Nikamwambia baba yangu alikuwa mvuta waya, naye akanipa waya mnene wa shaba wa stoo nimvutie nyuzi mpya.

Nilikuwa nacho kile chuma cha baba chenye matundu, ulichonifungia ndani ya nguo siku naondoka. Nikauvuta waya tundu kwa tundu, nikiupaka samli kama alivyonifundisha, mpaka lile tundu dogo la mwisho lenye pengo. Unakumbuka pengo lile lilivyoacha mstari mwembamba juu ya waya, hata wanawake wa Kishapu wakazitambua bangili za baba kwa mstari huo.

Bwana alipozifunga nyuzi hizo na kupiga, sikuwa tayari. Nanga ya kwetu, ile ya nyuzi wanayopiga wazee, ukiigusa inasema na kunyamaza. Waya huu hausikii. Unaendelea kulia huku mwenzake anaingia, na mwingine juu yake, mpaka mpigaji aurudie kwa kidole na kuunyamazisha. Anasema wazee wa kwao walikuwa na nyimbo za kuchekesha, za kulaza watu usingizi na za kuliza. Ule alioupiga ulikuwa wa kuliza, wa kumlilia marehemu. Nililia mbele ya mzungu bila kujificha. Kilio tulichomnyima baba nilikisikia kinatoka kwenye waya wake mwenyewe, na nilipofuta macho nilikuwa najua la kufanya.

Nikamwomba bwana apige wimbo ule kila Jumapili mchana kwenye baraza ya stoo. Watu wakaanza kuja, na Ngusa naye akaja. Mara ya kwanza nilimwona anajifuta macho, nikachukia kweli kweli. Sikuvuta waya ule ili umliwaze yeye. Jumapili iliyofuata akasogea, akainama kuutazama kwa karibu. Akauona mstari.

"Nani kavuta waya huu?"

"Masanja, mwana wa Mabula, wa Kishapu," nikamjibu.

Kofia aliivua mwenyewe.

Kesho yake akanifuata. "Ng'wanawane, mwanangu, mwambie bwana aache ule wimbo. Usingizi sipati."

"Basi usije kusikiliza."

"Nasema siendi, halafu najikuta nimefika."

Nilifurahi, mama, sikufichi. Nikamwambia wimbo utakoma siku atakaposimama mnadani Kishapu, pale pale, na kusema mwizi wa waya wa simu alikuwa yeye. Akasema watamfunga. Nikamwambia baba naye alifungwa.

Wiki nzima alinikwepa. Jana amekuja kuniambia ameomba ruhusa, anapanda lori la pamba Alhamisi. Barua hii nampa dereva anayeondoka kesho ili imtangulie. Namjua, atapitia nyumbani kwanza atake kusema nawe faraghani. Usikubali. Usimpe kiti wala maji mpaka aseme mbele ya watu. Akilia, mwache alie, wewe usilie naye.

Nisalimie dada Kabula na watoto wake. Baba mdogo, aliyekataa kuja matangani kwa kuogopa watu, mwambie Jumapili aje mnadani na asimame mbele. Bibi mpe shikamoo yangu, mweleze mjukuu wake anakula vizuri.

Ngusa akishasema, ndipo mumlilie baba kwa sauti, majirani wote wasikie. Mimi huku nitakuwa barazani. Nimeshamwambia bwana waya wa mwisho asiurudie kwa kidole, auache ulie mpaka uchoke wenyewe.

Ni mimi mwanao, mwenye chuma cha baba,
Masanja