Mkono wa Kuazima

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha viatu
Tarehe 9 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke nyumbani

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Goti limepoa? Na macho je, bado unasogea dirishani ndipo usome barua? Mimi ni mzima, ila situlii. Hii ni mara ya tatu naianza barua hii. Kila nikiketi nasimama tena, nisikilize kama mwanao anapanda ngazi.

Yu hai na anakula. Lakini hanisemeshi, na sababu ni afadhali uisikie kwangu.

Kiwandani, wanaopaka gundi hupimwa damu, kwa kuwa mvuke wake hula chembe nyeupe, zile zinazopigana na maradhi. Damu ikionekana mbaya, mtu huondolewa kwenye gundi, hupelekwa stoo, na mshahara hushuka. Basi wamezua mchezo: mwenye wasiwasi humtuma mtu mwenye damu safi aitikie jina lake na kunyoosha mkono. Wanaita kuazima mkono. Muuguzi kila safari ni mgeni, sura hazijui.

Wiki iliyopita mwanao akanijia. "Mjomba, niazime mkono kesho. Wewe ulikuwa mkata ngozi, gundi hukuigusa."

"Wa kubebea mzigo, chukua," nikamwambia.

"Wewe unatania. Nikipelekwa stoo, mabati ya mama nitanunua na nini?"

Asubuhi nilimshika kiwiko nikampeleka mwenyewe. Wenzake wakaangua kicheko: "Leo kaletwa na mzazi!" Alichomwa sindano bila kuniangalia.

Majibu yametoka jana. Chembe nyeupe zimeshuka sana. Sasa yuko stoo ya maboksi. Daktari anasema zinaweza kupanda, mradi akae mbali na gundi na apimwe kila mwezi, pengine kwa miaka. Nami nimeshasikia anatafuta mkono wa mwezi ujao, ili arudishwe kwenye gundi.

Mwandikie wewe kwamba mabati yatangoja. Maneno yangu hayamwingii.

Lile sanduku la safari ya kurudi nyumbani, nililokuambia nimelifunga kamba, nimelifungua. Nguo zimerudi msumarini. Wa kumfikisha kwa muuguzi ni mimi tu, na miaka iliyobaki kwangu unajua ni michache.

Nisalimie shemeji, na shangazi kama bado ananiulizia. Mungu akutulize moyo, amponye na mtoto wetu. Kile chumba unachonifagilia, mpe binti yako aweke cherehani yake. Sitarudi.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata kwa mbali