Mbung'o wa Alama Nyekundu

Baraka, tarehe 9 Machi 1954

Yaya Florentine, dada yangu mukubwa,

Salamu zetu zikufikie huko Albertville. Mihogo imeota vizuri, na ndagala zimerudi ziwani.

Mi ningali kwa yule muzungu anayechunguza badudu. Tunatia mbung'o alama nyekundu mugongoni na kuziachilia mutoni, ili ajue zinafuata muntu mpaka wapi. Mwaka jana mama alinitumia moja ndani ya kiberiti, toka shambani kwake, mwendo wa saa tatu. Muzungu alifurahi sana, hakujua zinafika mbali vile. Aliandika jina la mama katika kitabu chake.

Yaya, sasa mama analala muchana, chakula kikiwa mukononi. Munganga anasema ni ugonjwa wa mbung'o, na tumechelewa. Ukipata mashua, njoo.

Nilimuuliza mama kwa nini hakuiua ile mbung'o ya kiberiti ilipotua shingoni mwake. Akacheka kidogo.

"Ningeiua namna gani, baba? Ilikuwa na alama yako. Niliiacha ishibe kwanza, ndiyo nikaikamata."

Mudogo wako,
Henri Wilondja