Kikapu cha Mbegu cha Tupokigwe

Kihesa, Iringa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na mama pia, kama ameketi hapo pembeni akifuata maandishi kwa kidole. Nasikia darasa la watu wazima limempa kiburi. Mgongo unaendeleaje na baridi ya Rungwe? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Tafadhali isome barua hii yote kabla hujatoka, usiiache katikati kama kawaida yako.

Vile viazi mlivyompa kondakta wa basi vilifika. Nilimgawia mama mwenye nyumba wangu, naye vilivyochipua akavipanda uani. Vikastawi, kila asubuhi akawa ananiita kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene, mwanangu! Njoo uone viazi vya kwenu vinavyonipa raha." Mpaka wiki iliyopita, mchana, tukakuta mche mmoja umeinama, majani bado mabichi. Jioni ukasimama tena. Kesho yake ukainama moja kwa moja. Nikakumbuka barua yako: "Kule bondeni viazi vinasinzia mchana, ni jua tu." Baba, huku wiki hiyo yote tulikuwa na mawingu.

Chuoni sasa tunalinganisha mashina na mizizi. Tunakata vipande vyembamba kwa wembe na kuvitazama kwa hadubini. Katika mzizi wa haragwe, mabomba ya kupitisha maji yamekusanyika katikati kabisa. Katika shina lake yamejipanga duara karibu na ganda. Mwalimu akasema kiazi mviringo nacho ni shina, kiazi kitamu ndicho mzizi. Nikacheka kwa sauti, maana kwetu chochote kinachochimbwa ni mzizi. Akaniuliza, "Atupele, umewahi kuona mzizi wenye macho?" Darasa zima likanicheka mimi.

Basi nikaupeleka chuoni ule mche wa uani. Nikakata shina la haragwe na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji, maji yakabaki safi. Nikakata la kiazi, nyuzi nyeupe zikashuka taratibu kama maziwa. Kiazi chenyewe nilipokipasua, lile duara la mabomba lilikuwa la kahawia na linatoa ute. Mwalimu akauliza mbegu imetoka wapi. Nikasema, kwetu. Hakuna aliyecheka.

Zile nyuzi ni vijidudu vya mnyauko; ugonjwa huo unapita kwenye mabomba hayo hadi kwenye macho ya kuchipulia, yale yale ambayo mama huyatazama anapochagua mbegu. Nje kiazi kinang'aa tu. Ukishaingia udongoni hautoki upesi.

Sasa mdogo wangu Tupokigwe anaolewa, na mama ameshajaza kikapu cha viazi vya mbegu, maana kwetu binti haingii shamba la mama mkwe mikono mitupu. Bibi alimpa mama, na mama lazima ampe yeye. Lakini akipanda mbegu ile, shamba la wakwe zake litanyauka, na hao hawatasema ni ugonjwa. Watasema mke ameleta mkosi. Unajua mwanamke wa namna hiyo hurudishwaje kwao. Naogopa, baba.

Kuvila viazi hivyo hakudhuru, kuvipanda ndiyo balaa. Kipikeni kikapu chote siku ya harusi, maganda myachome moto, bondeni pandeni mahindi. Tupokigwe aende mikono mitupu. Heri aibu ya siku moja. Majirani wakiomba mbegu wanyime, hata wakikuita mchoyo.

Msalimie kaka na shemeji, na shangazi wa Tukuyu, mwambie sijanenepa. Tupokigwe mwambieni kwa upole, atalia.

Nilikuwa nimefika hapa, mama mwenye nyumba akaniita uani. Asubuhi alikataa tung'oe miche ya viazi, akisema mingine imesimama. Sasa minne imelala. Nilipomweleza yote akachuchumaa kwenye tuta. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba viazi vilivyobaki alimpa binti yake aliyeolewa baada ya Pasaka, apeleke kwa mama mkwe.

Barua naipeleka kwa kondakta yule yule sasa hivi. Wahi, baba.

Mwanao,
Atupele