Twita za Gari ya Mama Naserian

Kitengela,
Jumapili mchana.

Kwako mke wangu Kalondu, mama Mwende,

Naomba barua hii ikupate ukiwa umekaa chini nyumbani, si pale mlangoni kwa duka la kaka yako watu wakikutazama. Mwende anaendeleaje? Kile kifua kimepoa? Anakula? Na mama yangu, mwaitu, miguu yake inamfikisha kanisani ama bado anabaki nyumbani Jumapili? Mvua imefika huko ama ni mawingu tu ya kudanganya watu? Huku ni vumbi na upepo, na upepo wa Kitengela unaujua, unaingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mimi niko mzima wa mikono na miguu, chakula ninapata. Hayo mengine ndiyo yamenifanya nishike kalamu, na unajua vile sipendi kuandika.

Mutua wa jirani alirudi kutoka nyumbani akanipata gereji. Alinipa ndengu ulizotuma, asante sana, halafu akanivuta pembeni anipe maneno yako. Nilimwambia arudie, akarudia kwa sauti, gereji nzima ikasikia kwamba mke wangu anauliza kama nimeoa mwingine huku, na kwamba shule zikifungwa utachukua mtoto urudi kwa baba yako. Sikukasirika. Ningekuwa wewe ningekuwa nimeshaondoka. Mwanamume anapigiwa simu hashiki, anapigiwa tena hashiki, halafu siku anashika anaambiwa mtoto wake amelazwa hospitali, anajibu, "Haya, vizuri, tutaongea." Mutua aliponiambia nilijibu hivyo nilikaa juu ya betri ya lori. Kalondu, nilikuwa sijui Mwende alilazwa. Haki ya Mungu sikujua.

Sasa soma mpaka mwisho kabla hujakasirika tena. Nitaanza na gari ya mwalimu mmoja, na usiniulize gari inahusiana vipi na sisi, utaona.

Nilikwambia ile kazi ya muziki wa matatu ilikauka tangu serikali ikaze kamba juu ya kelele za matatu. Wale vijana waliokuwa wakitaka spika za kutingisha madirisha hawaji tena. Wanaokuja siku hizi ni watu na gari zao, wafanyakazi waliojenga huku na wafugaji waliouza ng'ombe wakanunua pikapu. Hao hawataki kelele. Wanataka redio ile ile iliyokuja na gari isikike kama ya mtu mwenye pesa, na pesa yenyewe hawataki kutoa. Ndio nawawekea twita. Twita ni spika ndogo, inatoshea kwa kiganja cha Mwende. Spika kubwa ya mlango iko huko chini karibu na viatu, na kazi yake ni besi na ngoma. Twita unaiweka juu karibu na kioo, unavuta waya kutoka kwa ile kubwa, unaweka kapasita ya kuzuia besi isiiunguze, basi. Yenyewe inatoa zile sauti nyembamba: kayamba, filimbi, wanawake wanaoimba juu, na mwisho wa maneno ya mtu anayesoma habari. Redio unaiacha kama ilivyo. Mtu akiwasha anadhani umembadilishia gari.

Basi akaja Mama Naserian. Ni mwalimu, Mmaasai, analala hapa Kitengela na anafundisha upande wa Kajiado, kwa hivyo maisha yake ni barabara. Alinipa kaseti ya kwaya ya kanisa lao akaniambia, "Fundi, hii redio inaimba kama imefungwa kwa gunia. Mimi niko soprano na sijisikii kwa kaseti yangu mwenyewe! Ni wanaume wa besi tu wamejaa gari yote."

Nikacheka. "Mwalimu, hiyo ni kazi ndogo. Rudi saa ya chai."

Nikafungua milango, nikavuta waya, nikapachika twita, nikaweka kaseti. Wanaume wa besi wakaimba, na hakuna kingine. Nikasema hizi zimekuja zimekufa, maana za bei ya chini huwa hivyo. Nikazing'oa, nikatupa kwa ndoo, nikaweka zingine. Hakuna kitu. Nikakagua waya, nikakata nikaunganisha upya, nikang'oa hizo pia. Pea ya tatu nikazigeuza ziangalie viti moja kwa moja, nikatoa kile kifaa kidogo cha kuzipunguza makali, nikafungulia trebo, kile kitufe cha sauti nyembamba, mpaka mwisho. Hapo nikasikia kitu kidogo kwa mbali. Nikalaani lile duka la Nairobi lililoniuzia takataka. Lemayian, yule tunafanya naye kazi, mtu wa taa na alteneta, akapita amekunja uso. "Kioko, leo umeamua kutumaliza?" Nilidhani ananitania kwa vile nimechelewesha kazi.

Mama Naserian akarudi na huyo Naserian wake, mtoto wa nasari. Mtoto akanikaribia, akainamisha kichwa nimguse, vile watoto wa Kimaasai wanasalimia wakubwa, akasema jambo. Nikamjibu, "Mzuri sana." Mama yake akacheka, akainua sauti: "Amekuuliza unaitwa nani!" Nikacheka pia. Tukaingia, mtoto nyuma, mama kwa usukani, mimi mbele kando yake. Nikawasha kaseti.

Kalondu, yule mtoto aliziba masikio kwa mikono miwili akajitupa kati ya viti, mdomo wazi, analia. Mama yake akarukia redio akazima. "Fundi! Hiyo ni muziki ama ni sindano? Unataka kututoboa masikio?" Na mimi nilikuwa nimekaa pale mbele, twita iko karibu na uso wangu kuliko mtu yeyote, na sikuwa nimesikia kitu cha kumuumiza hata kuku.

Nikamwita Lemayian. Akawasha kidogo tu akazima. "Hii wewe husikii?"

"Nasikia."

"Husikii, wewe. Mbwa wote wa buchari wamehama." Halafu akaacha kucheka, akaniangalia vile mtu anaangalia gari iliyogongwa.

Niliweka kidole juu ya twita, akawasha tena. Ilikuwa inatetemeka. Ilikuwa nzima. Akaenda kwa ndoo akazitoa zile nyingine akazijaribu moja moja, akasema zote zinaimba, mimi nikazijua kwa kidole tu. Hakukuwa na twita mbovu hapo. Lemayian ndiye alimaliza hiyo kazi, akazigeuza, akarudisha nilichotoa, mimi nikimshikia bisibisi kama mgeni kwa kazi yangu. Mwalimu alitoka akiwa na furaha, anaimba pamoja na kaseti yake. Najua kwa sababu niliona midomo.

Hapo ndipo wewe ulinijia akilini. Nikatoa simu mfukoni nikamwambia Lemayian anipigie. Akapiga. Amesimama mbele yangu, simu iko sikioni mwake, yangu iko mkononi mwangu na kioo kinawaka. "Inalia," akasema. Nikaangalia. "Kioko, inalia." Sikuisikia. Kumbe mlio wa hizi simu ndogo ni mwembamba, uko upande ule ule wa twita. Kwa hivyo zile jioni zote umetembea mpaka sokoni ukasimama pale dukani na simu ya watu, simu ilikuwa inalia mfukoni mwangu na mimi niko hapo hapo nakula. Nikikuta jina la kaka yako kwa kioo baadaye nilikuwa nasema network ya Kitengela ni mbaya. Na nikishika, sauti yako inafika, najua ni wewe, lakini maneno hayashikiki. Nilikuwa nimeshazoea kujibu "haya, vizuri." Wateja nawajibu hivyo, watu wa kanisa nawajibu hivyo, na siku ile nikakujibu wewe hivyo. Wanaume bado nawasikia kidogo. Wewe na Mwende ndio mmetangulia kunipotea, na hiyo inaniuma kuliko kitu chochote kimewahi kuniuma.

Nilienda hospitali Kajiado, wakanituma Nairobi kwa daktari wa masikio. Alinifungia kwa chumba kidogo, akanivalisha spika za kichwani, akanipa kitufe: nikisikia mlio nibonyeze. Nikakaa na kitufe mkononi nikingoja waanze. Kumbe walikuwa wameanza kitambo. Daktari aliniandikia maneno yake kwa karatasi ili tusielewane vibaya. Ni ile miaka ya kujifungia ndani ya matatu nikijaribu muziki kwa sauti ya mwisho, siku baada ya siku, nikijiona mwanaume. Kilichoungua hakirudi. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni, na bei yake sitakuandikia, utalia bure. Nikiacha kelele, kilichobaki kinaweza kukaa. Nikiendelea, nacho kitaenda.

Na gereji yote ni kelele, Kalondu. Huyu anagonga bodi, yule anasaga chuma. Lemayian ameniambia nifanye naye waya za taa, ni mtu mzuri, lakini bado ni pale pale. Mwenye gereji naye ameanza kuwapeleka watu wa redio kwa fundi mwingine. Haniambii, naona tu gari zikinipita. Siku nzima nimekaa juu ya tairi. Watu wakicheka natabasamu, sijui wamecheka nini.

Kwa hivyo nimeamua kurudi nyumbani. Nitakuja shule zikifungwa. Sijui nitafanya kazi gani. Waya za sola na kuchaji betri za watu naweza, hizo hazitaki masikio, lakini ni watu wangapi huko wako na sola? Pengine tutalala na uji siku nyingine. Siwezi kukuahidi kitu. Naogopa, na sina mtu mwingine wa kumwambia kwamba naogopa. Naogopa kukaa kwa meza yangu mwenyewe wewe na mtoto mkiongea, na mimi nikiangalia sahani.

Mwaitu umwambie wewe, polepole, baada ya chakula, na umwambie sijaumwa na mtu wala sijalogwa, maana najua atakapopeleka mawazo. Kaka yako mwenye duka mpe pole kwa simu zake zilizopotea bure, na umwambie kwa nini, ili aache kukuangalia vile anakuangalia. Shangazi Syombua, aliyenilea nikiwa mdogo, mwambie aendelee kuniombea kwa sauti yake ile kubwa. Huyo nitamsikia tu.

Kama umeshaamua kwenda kwa baba yako, siwezi kukuzuia na karatasi. Lakini usiende kwa sababu ya mwanamke. Hakuna mwanamke. Kama utanisubiri, nikifika usiniite ukiwa jikoni, sitageuka, na utadhani ni dharau. Njoo unishike bega.

Na kuna jambo moja limeninyima usingizi. Krismasi, Mwende alikuwa akija kwa magoti yangu ananong'ona nong'ona, nami nikamwambia mbele ya wageni aache kunong'ona, aongee kama mtu. Nakumbuka uliniangalia. Baada ya hapo hakuniambia kitu tena mpaka nikaondoka. Tafadhali mkalishe chini leo, kabla hata hujaamua lako na mimi, umwambie hakuwa ananong'ona. Alikuwa anaongea vizuri. Ni baba hakusikia.

Mumeo,
Kioko